Shoga, Vijana Wangu Wanakuja Pemba

Mbweni, Unguja

Shoga yangu Zuhura,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baad, sisi huku hatujambo, ni joto tu linalotuandama, na watoto wanakusalimu. Sauti uliyoniachia kwenye simu nimeisikia, lakini nimeona nikuandikie barua ya haki, maana maneno ni mengi na mna ombi ndani yake. Nawe nakujua: ombi la kwenye simu unalijibu "inshallah", kisha basi.

Umeniuliza hawa vijana ninaowasomesha wanasoma nini hasa, na "tetemeko gani hilo lije Zanzibar". Hujakosea kuuliza, hata wakubwa wenye ofisi zao huniuliza hivyo hivyo. Unaukumbuka usiku wa tarehe 12 Agosti 2020, saa mbili na kidogo, watu wa Dar es Salaam walipotoka maghorofani mbio na sisi huku tukabaki kuangaliana? Lile lilianzia chini ya bahari, kusini-mashariki ya Dar, ukubwa wake karibu 6. Wimbi halikuleta, alhamdulillahi, lakini lilitukumbusha kwamba Bonde la Ufa, tunalolisoma skuli kama mambo ya bara peke yake, lina tawi lake baharini, linateremka kusini hadi mbele ya pwani ya Msumbiji. Huko ndiko karibu. Mbali kuna Sumatra, na kuna Makran, ile pwani ya Iran na Pakistan ambako mwaka 1945 bahari iliua watu. Kwenye sehemu hizo bamba moja la gamba la dunia linajipenyeza chini ya jingine na kukwama. Siku likiachia, sakafu ya bahari inanyanyuka na maji yaliyo juu yake nayo yananyanyuka.

Kazi ya vijana ni kulitengeneza jambo hilo ndani ya kompyuta kabla halijatokea. Wanakisia ufa utateleza kiasi gani, wanatumia fomula za Mjapani Okada za mwaka 1985 kujua sakafu itapanda wapi na itazama wapi, kisha wanayaachia maji yaende. Mwendo wa wimbi la sunami unafuata kina. Penye mita 4,000 linakwenda zaidi ya kilomita 700 kwa saa. Mmoja wao, mtoto wa Mkoani, akaenda kuipiga hesabu hiyo kwetu. Mkondo wa Pemba una kina cha kama mita 800 katikati, kwa hiyo wimbi litaukata kwa dakika kumi hivi. Mkondo wa Unguja ni wa mita arubaini tu, litajikokota nusu saa nzima. Akasema, "Basi Wapemba tutawahiwa." Nikamwambia asifanye haraka ya kuwaonea huruma Wapemba, maana pale linapopunguza mwendo ndipo linapopanda juu.

Sasa nikwambie linalonikera. Mimi mwenyewe nilifundishwa Trieste, Italia, kwenye kile kituo cha fizikia alichokianzisha Abdus Salam mwaka 1964, Mpakistani aliyepata Nobeli ya fizikia mwaka 1979, na niliyoyapata pale nayashukuru mpaka leo. Lakini nimeona mafunzo mengi ya siku hizi. Kijana anapelekwa, anapewa mfano wa Chile au wa Japani ambao kila kitu chake kimeshapikwa, anabonyeza, ramani nyekundu inatokea, anapiga makofi. Anarudi na cheti na picha zake amevaa koti. Programu zenyewe si tatizo: OpenQuake ya matetemeko ni ya bure, GeoClaw ya mawimbi ni ya bure. Tatizo linaanza siku anapoifungua kompyuta akataka kuweka kijiji chetu cha Jambiani mahali pa Chile.

Ramani ya kina cha bahari ya dunia nzima, GEBCO, imegawiwa vipande vya mraba vya karibu mita 450 kila upande. Wewe umefika Jambiani. Mwamba, mlango wanaopita wavuvi na mashamba ya mwani, vyote vinaingia kwenye vipande viwili vitatu, na mlango haumo kabisa. Na mlango ndimo maji yanamopita! Nchi kavu nako kuna vituko vyake: vipimo vya zamani vya satelaiti vilisoma vilele vya minazi vikadhani ni ardhi, hata kijiji kilicho usawa wa bahari kikaonekana kimekaa kilimani. Hapo lakini tuna bahati ambayo nchi nyingi hazina. Tangu mwaka 2016 visiwa vyetu vilipigwa picha kwa ndege zisizo na rubani, na wanafunzi wa SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, walikuwa miongoni mwa waliozirusha. Ya chini ya maji tunayatafuta wenyewe. Kijana mmoja wa Makunduchi amekuwa akitoka na wajomba zake, kamba na chubwi mkononi, anapima mlango kwa pima kama walivyopima babu zake, akirudi anaandika kwa mita. Huyo simwambii kitu, anajua anachokifanya.

Ya uwezekano wa kutokea nayo yanawasumbua sana. Wakisoma "miaka 475" kwenye ramani ya matetemeko wanadhani ni ahadi: likija leo, tumepumzika mpaka wajukuu wa wajukuu. Maana yake ni kuwa katika miaka 50 kuna nafasi 1 kati ya 10 ya mtikisiko kuvuka kiwango kilichoonyeshwa kwenye ramani hiyo. Na vyombo vya kurekodi matetemeko havijafika hata miaka mia mbili, kwa hiyo ya kale yanasomwa mchangani. Hapo ng'ambo yenu, Pangani, wachimbaji walikuta tabaka la mchanga wa bahari la kama miaka 1,000 iliyopita, na mifupa ya watu ndani yake. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2020. Nilipowaonyesha vijana darasa zima likanyamaza, kwa sababu kila mmoja anaijua Pangani au ana jamaa wa huko. Sendai, Japani, mchanga wa sunami ya mwaka 869 ulijulikana kwa wanajiolojia kabla ya sunami kubwa ya Machi 2011. Kujua walijua, lakini kuta za kuzuia bahari zilikwishajengwa kwa kipimo kingine.

Lakini lililonifanya nishike kalamu ni jingine, na wewe mtoto wa pwani utalielewa upesi kuliko profesa.

Tarehe 26 Disemba 2004, Sumatra ilipotikisika, kwetu ilikuwa karibu saa kumi alfajiri. Wimbi lilichukua zaidi ya muda wa saa nane kutufikia. Somalia walikufa watu kama 300; sisi Tanzania, watu kumi au zaidi kidogo. Watu husema tulisalimika kwa umbali, na kwa kuwa nguvu ya ufa ule ilielekea zaidi kaskazini yetu. Ni kweli. Ila siku ile ilikuwa ya mwezi mpevu, yaani bamvua, na bamvua kwetu bahari inapanda na kushuka kama mita nne. Basi nikawapa vijana wimbi moja, la mita mbili, nikawaambia waliingize mara mbili: maji yamejaa, na maji yamekupwa. Maji yamejaa, nyumba za ufukweni zikaingiliwa. Maji yamekupwa, jawabu likatoka safi: watu waliofikiwa, sifuri. Wakafurahi.

Nikawauliza, saa nne saa tano za asubuhi, siku ya bamvua, maji yamekupwa, mama yako yuko wapi?

Sensa inamhesabu mtu alipolala. Saa hiyo wanawake wako kwenye mwani, wanachokoa pweza, wana watoto wao, kilomita nzima kutoka nyumba ya kwanza, na maji yanafika kifundoni. Wimbi ambalo kwenye ramani halikumgusa mtu lingewapitia wote. Kompyuta haikukosea, imejibu ilichoulizwa, lakini huko kwenye mwamba hakuna aliyekwenda kuhesabu. Zile hesabu ngumu za chanzo cha tetemeko wanaweza kuzifundishwa popote duniani. Hili halifundishwi Trieste wala Tokyo.

Na kuna vipeperushi vinavyosema: ukiona bahari inakimbia, kimbia. Zuhura, kwetu bahari inakimbia kila siku mara mbili! Na tetemeko la Sumatra mtu wa Paje hatalisikia miguuni. Wanachokijua wale wanawake ni saa. Maji yakitoka nje ya saa yake wao wanatambua, na sisi wataalamu hatujawahi kuwauliza wanatambua baada ya dakika ngapi. Tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoka, muda kwa wimbi la mbali upo, wa kutosha hata kupika. Lakini nani atawafikia kule mwambani, simu wamezifunga kwenye mfuko wa plastiki au wameziacha nyumbani? Hilo nalo nataka liingie kwenye modeli: mwendo wa mama aliyebeba gunia la mwani mbichi, kutoka kambani hadi kwenye minazi. Hatoutupa mzigo wake kwa neno la kusikia, usidanganyike.

Ombi langu sasa. Sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar inatoka kwenu, nami nimewafungia vijana hawa Unguja vya kutosha. Nataka kuwaleta wanne, wawili Micheweni na wawili Kisiwa Panza, wahesabu watu waliopo pwani kila maji yanapokupwa, bamvua na maji mafu, sasa wakati wa kaskazi, kisha warudi tena kusi likianza. Barua za chuo kwa masheha nitazituma, lakini barua bila mtu unajua inavyokaa mezani. Nizungumzie na wifi yako wa Micheweni awatangulie kwa wenziwe, na waelezwe mapema kwamba hawa si watu wa kodi wala wa kampuni ya mwani. Wasichana ni wawili, watafutie nyumba yenye mtu mzima. Wa kiume mmoja anakula sana, mwambie mwenye nyumba asishangae, fedha ya chakula nitaiongeza.

Nijibu kabla ya mwezi kuandama, kwa sababu bamvua la kwanza nataka liwakute wameshafika. Na ukiweza kumpa mtu wa boti halua ya Wete, kilo moja tu, nitakulipa tukionana.

Shogayo,
Mwanakhamis