Pima Kabla ya Kuongeza: Kusoma na Kusahihisha Kiwango cha Oili ya Pikipiki

Pikipiki nyingi zinazofika katika karakana yetu zikiwa na tatizo la oili hazikuharibiwa na uzembe. Wenyewe ni watu wanaovijali vyombo vyao: walichungulia kijiti cha kupimia, wakakiona kikavu, wakaongeza oili kwa nia njema, na baada ya muda wakakuta chujio la hewa limelowa na silensa inatoa moshi. Oili haikuwa imepungua hata kidogo. Pikipiki ilipimwa ikiwa imeegemea stendi ya pembeni.

Kosa hilo linaeleweka ukitazama jinsi injini ilivyokaa. Stendi ya pembeni huilaza pikipiki kushoto, ilhali kwa pikipiki nyingi kijiti cha kupimia au kioo cha kuangalia oili kiko upande wa kulia. Oili ikiteremkia kushoto, kipimo cha kulia huonyesha pungufu kuliko hali halisi. Injini nyingi za cc 100 hadi 150 hubeba takriban lita moja tu, kwa hiyo mtu anayeongeza robo lita isiyohitajika ameizidishia injini yake kiasi kikubwa sana, ingawa machoni pake chupa aliyoimimina ilikuwa na kidogo tu.

Kwa sababu hiyo tunawaomba wateja wetu waanze na mahali pa kupimia. Tafuta sehemu tambarare, uisimamishe pikipiki kwa stendi ya kati. Kama haina stendi ya kati, mwombe mtu aishike wima kabisa wakati wewe unasoma kipimo. Iwashe na uiache ingurume polepole kwa dakika 3 hadi 5, kisha izime na usubiri dakika 2 au 3. Kungoja huku kuna maana yake: injini inapofanya kazi, pampu huipeleka oili hadi kwenye kamshafti (mhimili unaofungua vali) na vali juu ya silinda, na oili hiyo huhitaji muda wa kurudi chini. Ukipima mara tu unapozima, utasoma pungufu.

Baada ya hapo futa uchafu unaozunguka kifuniko kabla hujakifungua, kwa kuwa mchanga ukiingia pale hautatoka wenyewe. Chomoa kijiti, kipanguse kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kirudishe, kisha kichomoe tena na usome. Hapa ndipo panapowachanganya hata mafundi. Pikipiki nyingi hutaka kijiti kiingizwe bila kukazwa, yaani nyuzi za kifuniko ziegemee mdomo wa tundu, lakini nyingine hutaka kikazwe hadi mwisho. Tofauti ya urefu wa nyuzi hizo inatosha kuvuruga kipimo chote: ukikikaza kijiti ambacho hakikupaswa kukazwa, kitazama zaidi na kukuonyesha kuwa oili inatosha ilhali imepungua. Kitabu cha pikipiki yako ndicho chenye neno la mwisho katika jambo hili, na kama kimepotea ni afadhali kuuliza kuliko kukisia.

Wenye kioo wana kazi nyepesi zaidi, kwani huangalia tu kama oili imekaa kati ya alama mbili. Hata hivyo kioo cha zamani huweza kubaki na doa linalofanana na oili. Itikise pikipiki taratibu. Mstari usiposogea, unachokiona ni doa. Zipo pia pikipiki ambazo oili yake hukaa katika tangi la pembeni badala ya chini ya injini, na hizo hupimwa kwa utaratibu wake, kwa kawaida injini ikiwa imepata moto vizuri.

Kipimo kikionyesha oili imekaa baina ya alama mbili, huna haja ya kuongeza chochote, na wala si lazima kuitafuta alama ya juu kila mara. Ikiwa imefika alama ya chini au imepita hapo, ongeza mililita 50 hadi 100 kwa wakati mmoja, washa injini, izime, subiri, upime tena. Utaratibu huu unachosha, lakini kuongeza ni rahisi kuliko kupunguza. Tumia oili ya daraja lilelile lililomo, kwa mfano 10W-30 au 20W-50 kama kitabu kinavyoelekeza. Kwa pikipiki ambazo klachi yake inaogelea katika oili ya injini, kama zilivyo nyingi zenye gia, hakikisha chupa ina alama ya JASO MA au MA2, yaani alama ya viwango vya Kijapani vya oili zinazofaa klachi za aina hiyo. Baadhi ya oili za magari zina viungo vya kupunguza msuguano, na viungo hivyo huifanya klachi iteleze.

Madhara ya oili pungufu yanajulikana na wengi: pampu huvuta hewa, beringi na kamshafti hukosa ulainisho, joto hupanda, na mwisho wake injini hunoki. Madhara ya oili iliyozidi hayajulikani vya kutosha, na ndiyo yanayotusikitisha zaidi kwa kuwa mwenye pikipiki ameyanunua kwa fedha zake. Krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) ikianza kuichapa oili, oili hujaa povu, na povu halilainishi kama oili kamili. Shinikizo ndani ya injini huongezeka, oili husukumwa kupitia mpira wa kupumulia hadi kwenye boksi la chujio la hewa, sili huanza kuvuja, na plagi huweza kuchafuka.

Oili iliyozidi hupunguzwa bila kuimwaga yote. Njia tunayoipenda ni kutumia bomba la sindano kubwa lenye mpira mwembamba, kuvuta kidogo kidogo kupitia tundu la kujazia, na kupima kila baada ya kuvuta. Njia ya pili ni kulegeza bolti ya chini ya kumwagia oili, ila hiyo inahitaji uangalifu, kwa sababu oili ya moto huunguza na nyuzi za aluminiamu huharibika upesi zikikazwa kwa nguvu nyingi. Bolti hiyo ikifunguliwa, weka washa (pete ya kuzibia) mpya. Oili unayoitoa ikusanye katika chombo chenye kifuniko, usiimwage ardhini wala kwenye mtaro.

Usiitegemee taa ya oili ikufanyie kazi hii. Pikipiki nyingi ndogo hazina taa hiyo, na pale ilipo, kwa kawaida hupima shinikizo, si kiwango. Ikiwaka ukiwa njiani, injini imeshaanza kukosa oili. Vilevile weusi wa oili hauonyeshi upungufu, kwani oili nyeusi inaweza kuwa imefika alama ya juu. Tunashauri kupima mara moja kwa wiki, na kila asubuhi kwa pikipiki inayofanya kazi kutwa.

Kiwango kikishuka tena na tena, kuongeza peke yake si tiba. Moshi wa bluu unaoendelea unapovuta mafuta huelekeza kwenye ringi za pistoni, na ule unaotoka kwa muda mfupi tu unapowasha huelekeza zaidi kwenye sili za vali. Kama hakuna moshi, angalia chini ya injini kama pana unyevu wa kuvuja.

Hali ya kuogopwa kuliko zote ni kiwango kinachopanda ilhali hujaongeza kitu. Petroli inaweza kuwa inapita kwenye kabureta lisilofunga vizuri na kushuka hadi kwenye oili, nayo oili huwa nyepesi na kunuka petroli. Ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia. Katika hali zote mbili usiiwashe pikipiki, funga koki ya petroli kama ipo, utuletee ikiwa imebebwa au inasukumwa. Oili hiyo usiimwage kabla fundi hajaiona, maana ndiyo itakayomwonyesha mahali pa kuanzia.