Jumamosi hii: nyimbo za Ayalandi

Wapendwa, habari za jioni. Jumamosi tunakutana saa kumi kama kawaida, na safari hii tunasikiliza nyimbo za jadi za Ayalandi.

Tutaanza na za siasa. Upo wimbo wa Kevin Barry, mwanafunzi wa udaktari na mpigania uhuru wa Ayalandi aliyenyongwa na Waingereza katika gereza la Mountjoy, Dublin, tarehe 1 Novemba 1920, akiwa na miaka 18 tu. Maneno yake ni mepesi, hata mtoto anayashika, na ndiyo maana yanachoma. Paul Robeson, mwimbaji Mweusi wa Marekani, naye aliuimba, mtu aliyeujua uonevu.

Kisha tutapunguza mwendo. Mimi moyo wangu uko kwenye uimbaji wa zamani wa Kigaeli, lugha ya asili ya Ayalandi, uitwao sean-nós: hakuna gitaa wala ngoma, ni sauti tupu ya mtu mmoja akisimulia penzi lililokatika au ndugu aliyevuka bahari asirudi. Wakati mwingine msikilizaji humshika mwimbaji mkono, akauzungusha taratibu hadi wimbo uishe. Nilipoona hivyo mara ya kwanza kwenye video, machozi yalinitoka.

Mwenye spika nzuri aje nayo, tafadhali. Chai ipo.