Asante dada wa pale Tume ya Usuluhishi
Dada uliyekaa nami benchi moja Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (inayosikiliza migogoro ya kazi), Dar es Salaam, jina lako sikulipata, ila asante sana. Nilikuwa nimeachishwa kazi kwa sababu ya ujauzito, barua ikisingizia utendaji mbovu. Ukanifunulia kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kinachokataza ubaguzi kazini, ukapigia mstari kwa kalamu pale panapotaja ujauzito. Kumbe umeandikwa wazi, pamoja na ulemavu na VVU! Ukanisimamia nijaze fomu siku ileile, maana mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 30. Maji ya kunywa pia ukaninunulia. Nimelipwa haki yangu. Mungu akuzidishie, dada yangu, popote ulipo.