Harmonika isiyoitika si ya kutupwa

Mhariri,

Safu yako ya muziki imewashauri wasomaji kwamba harmonika, kile kinanda kidogo cha mdomo, ikigoma kutoa sauti, mpigaji aongeze pumzi, na ikizidi kugoma anunue nyingine ya bei ya juu. Ushauri huo utawaharibia watu vinanda vyao. Pumzi ya nguvu ndiyo inayoua ndimi, yaani vile vipande vyembamba vya shaba vinavyotetema na kutoa sauti. Ulimi wa shaba ukilazimishwa kila siku huchoka pale karibu na ribiti, ule msumari mfupi unaoushikilia, hupata ufa mwembamba ambao pengine hata hauonekani, na sauti yake hushuka ghafla. Ukifikia hapo haurekebishiki tena, ni kuubadilisha tu. Lakini harmonika nyingi zinazolalamikiwa hazijafika huko. Kasoro yao ni mwanya wa ndimi, na mtu mwenye subira anaweza kuurekebisha mezani kwake.

Nazungumzia harmonika ya kawaida ya matundu 10, ile wanayopigia bluzi. Ina ndimi 20. Za kupuliza zimo kwenye bamba la juu na zinaelekea ndani ya vyumba vya hewa vilivyo nyuma ya matundu. Za kuvuta zimo kwenye bamba la chini na ziko upande wa nje, kwa hiyo utaziona mara tu ukitoa kifuniko. Kila ulimi umeshikwa na ribiti upande mmoja, na ncha yake imeinuka kidogo juu ya uwazi uliochongwa kwenye bamba. Kuinuka huko ndiko mwanya. Hewa ikipita hapo huuvuta ulimi uingie kwenye uwazi, nao kwa uspringi wake hurudi, huvutwa tena, na ndivyo unavyotetema. Mwanya ukiwa mpana mno, hewa nyingi hupita bure kabla ulimi haujaamka: noti huchelewa na hutoka na upepo. Ukiwa mdogo mno, pumzi ya taratibu inaitika vizuri, ila ukiongeza tu, ulimi unajifunga na kunyamaza. Sasa mtu wa namna hii ukimwambia apulize zaidi, umemsaidia nini?

Kabla ya kushika bisibisi, hakikisha kosa si la mdomo. Tundu la 2 la kuvuta ndilo linalosingiziwa kuliko yote. Kwenye harmonika ya ufunguo wa C, tundu hilo likivutwa hutoa noti ya G, na tundu la 3 likipulizwa hutoa G hiyohiyo. Zipige zikifuatana. Kama ile ya kuvuta inasikika imebanwa na iko chini kidogo, huenda mpigaji anaipinda noti, yaani anaishusha kwa mdomo, bila kujua. Mpe mtu mzoefu aijaribu. Ikitoka safi, usifungue chochote. Tundu moja lililonyamaza ghafla mara nyingi limeingiwa na uzi wa nguo, unywele au chembe ya mkate. Na kama matundu yote ni mazito, usiziguse ndimi: hewa inavuja kati ya mabamba na kiunzi cha katikati kinachoyabeba. Kaza skrubu kuanzia katikati kwenda pembeni, kidogo kidogo, maana skrubu ikishakula plastiki haishiki tena.

Vifaa ni vichache: bisibisi ndogo, kijiti cha meno, na jani jembamba la fila, ile ambayo mafundi wa pikipiki hupimia mwanya wa valvu. La milimita 0.05 linatosha.

Kipimo cha kuanzia ni hiki: mwanya kwenye ncha ulingane na unene wa ulimi wenyewe. Ndimi ndefu za sauti nzito zinataka zaidi kidogo, fupi za sauti nyembamba zinataka kidogo sana. Kupunguza mwanya wa ulimi wa kuvuta, usukume kwa kijiti uingie kwenye uwazi na kupita upande wa pili kidogo, ushikilie kwa muda mfupi, uachie. Kuuongeza, pitisha fila chini yake uuinue taratibu. Ulimi wa kupuliza ni kinyume: ukiusukuma kutoka nje kupitia uwazi wake, mwanya unaongezeka, na hili hufanyika bila kufungua bamba. Kuupunguza ndiko kunakolazimu bamba litoke. Kila mara ulimi utarudi karibu pale ulipokuwa, nawe utadhani hujafanya kitu. Usikasirike ukaukunja. Ukipata kovu la mkunjo, hapo ndipo utakapokatikia siku moja.

Kuna jambo ambalo wengi hawaliangalii, nalo ni umbo. Tazama bamba kwa ubavu dhidi ya mwanga. Ulimi mzuri hulala sawa na bamba karibu na ribiti, halafu hupanda polepole hadi nchani. Ukiwa umeinuka tangu kwenye ribiti, hewa inavuja pale shinani, na hata ukipunguza ncha vipi noti itabaki nzito. Ubonyeze kwanza karibu na shina hadi ulale, ndipo uiinue ncha. Binafsi naona kazi hii ya shinani ina faida kuliko kucheza na ncha peke yake.

Rekebisha ulimi mmoja, funga, jaribu. Anza kwa pumzi hafifu kabisa, kisha pumzi kali. Ukichelewa kwa hafifu, punguza mwanya. Ukinyamaza kwa kali, ongeza. Usisahau kwamba ndimi mbili za tundu moja hufanya kazi pamoja noti inapopindwa. Tundu la 3 la kuvuta lina noti tatu za kupinda, kutoka B hadi A flati, na katika kushuka huko ule ulimi wa kupuliza ndio unaozidi kutetema. Kwa hiyo anayelalamika kwamba tundu la 3 halipindiki aangalie ndimi zote mbili. Mwanya ukibadilika sauti nayo inaweza kusogea, basi pima kwa programu ya simu ya kutyunia.

Mlio wa kukwaruza ni kitu kingine: ulimi unagusa ukingo wa uwazi. Shikilia bamba kwenye mwanga uone upande uliogusa, kisha uusogeze katikati kwa ncha ya wembe.

Kwa wasomaji wa pwani, harmonika yenye kiunzi cha mti kisichopakwa varnishi huvimba kwa unyevu, na iliyopigiliwa misumari ni ngumu kuifunga upya bila kuvuja. Wanaojifunza kazi hii waanzie kwenye yenye kiunzi cha plastiki na skrubu.

Fundi wa harmonika na kodiani,
Tanga