Bahasha za wanasiasa zinalinyamazisha kanisa

Kwa Mhariri,

Tangu maandamano ya vijana wa Kenya ya Juni 2024 ya kupinga ushuru nimesikia mara nyingi kwamba Ukristo umepitwa na wakati, kwamba kijana aliyesoma, mwenye simu mkononi, hana haja tena na mahubiri. Mimi ni mlezi wa vijana katika kanisa la Kianglikana hapa Nakuru. Ninaokaa nao hawajamchoka Mungu. Wamechoka kumwona mwanasiasa akiinuka katikati ya ibada, akipewa maikrofoni, akiwasema vibaya wapinzani wake mbele ya madhabahu, kisha akiacha bahasha na kuondoka na msafara wake kabla ya baraka za mwisho.

Wanauliza kama neno la Mungu lina la kusema kuhusu ushuru unaomkaba mama mboga, kuhusu wenzao waliopigwa risasi karibu na Bunge Juni 25, kuhusu waliotekwa na watu waliofunika nyuso. Na kama lina la kusema, mbona mhubiri anataja baraka za magari na nyumba tu? Wako wazee wanaoliona swali hilo kuwa utovu wa adabu. Mimi naliona kuwa la kiimani kabisa. Nabii Nathani alimwendea Daudi akamwambia ana kwa ana kwamba damu ya Uria, askari aliyeuawa kwa amri yake, iko mikononi mwake, na Daudi alikuwa mfalme.

Nchi hii imewahi kuwa na kina Nathani wake. Tuliokuwa watu wazima mwaka 1988 tunaukumbuka uchaguzi wa mlolongo, wapiga kura wakijipanga nyuma ya wagombea, ambapo mwenye foleni fupi aliweza kutangazwa mshindi mchana kweupe. Waliopaza sauti wakati wengi walikuwa wamefyata ulimi ni viongozi wa kanisa: Askofu Henry Okullu, Askofu David Gitari, Askofu Alexander Muge, Kasisi Timothy Njoya. Gitari alivamiwa nyumbani kwake usiku mwaka 1989. Muge alionywa na waziri kwamba akikanyaga Busia huenda asitoke hai. Alikwenda, na Agosti 14, 1990 akafa katika ajali ya barabarani akirudi. Mwaka 1992 akina mama waliokuwa wakidai wana wao, wafungwa wa kisiasa, walipopigwa na kufukuzwa Uhuru Park, Kanisa Kuu la All Saints liliwafungulia mlango. Wakakaa humo karibu mwaka mzima. Kijana akiniuliza imani hii ina kazi gani leo, humsimulia habari za akina mama hao. Wengi huwa hawajawahi kuzisikia, na hilo ni kosa letu tuliowatangulia.

Ndiyo maana nilifurahi mno Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alipoagiza Rais William Ruto arudishiwe shilingi milioni 2.6 alizokuwa ametoa katika kanisa Katoliki la Soweto, jijini Nairobi. Mimi si Mkatoliki. Lakini Jumapili iliyofuata vijana wangu waliijadili habari hiyo kwa hamu ambayo sijaiona wakijadili somo lolote nililowaandalia. Tukafungua Matendo ya Mitume sura ya nane, pale Simoni mchawi anapowaletea mitume fedha naye Petro anakataa. Kwetu Waanglikana, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alikuwa ameshawazuia wanasiasa kuhutubia waumini Septemba 2021 huko Butere, siku ya kuwekwa wakfu kwa Askofu Rose Okeno. Agizo zuri. Tatizo ni kwamba maagizo ya namna hii, katika madhehebu mengi, yanashikwa na kanisa hili na kupuuzwa na lile lililo ng'ambo ya barabara.

Naijua hoja ya wachungaji. Paa halijaisha, watoto wa shule ya Jumapili wanasomea chini ya mti, na mheshimiwa ameahidi mabati. Ni shida ya kweli. Lakini makanisa mengi tunayosali ndani yake yalijengwa kwa mnada wa ndizi na kuku baada ya ibada, na kwa akina mama waliobeba mawe. Yalichukua miaka, na hakuna mtu aliyewadai kura.

Tena kimya cha makanisa yanayoheshimika kina gharama. Mwaka 2023 zaidi ya miili 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kilifi, ya watu walioaminishwa na mhubiri mmoja kwamba kufunga hadi kufa ni njia ya kukutana na Yesu. Watu hao walikuwa na kiu ya Mungu. Nani alikuwa akiwatembelea majumbani mwao kabla mhubiri huyo hajawapata?

Kampeni za 2027 zitaanzia makanisani, kama kawaida yetu. Nawasihi maaskofu na wachungaji wa madhehebu yote wakubaliane mapema: mwanasiasa akija ibadani aketi kwenye benchi kama muumini mwingine, atie sadaka yake kikapuni bila kutajwa jina, na mimbari ibaki ya mhubiri. Wawape vijana viti katika mabaraza ya kanisa, viti vyenye kura, na kila robo ya mwaka hesabu za fedha zisomwe mbele ya washirika wote.

Mlezi wa vijana,
Nakuru