Mguu wa nyuma ukikwama, farasi hajagoma

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Mimi ni saisi, yaani mtunza farasi, huku Karen, mwaka wa 14 sasa, na Jumapili iliyopita nimeona kitu kikaniuma sana. Farasi wa kupandisha watoto alitolewa kwa banda, hatua ya kwanza tu mguu wa nyuma ukabaki kule nyuma umenyooka, haukunjiki, ncha ya kwato inaburura chini, na aliyemshika akaanza kumchapa ati amegoma. Hakuwa amegoma jamani, goti lilikuwa limejifunga! Nikamsukuma arudi nyuma hatua mbili tatu likaachia, na nusu saa baadaye nikaona ameshapandishwa mtoto. Likijifunga tena akiwa anakimbia si wataanguka wote wawili?

Goti la nyuma la farasi haliko pale chini watu wanadhani, liko juu karibu na tumbo, na pia ya goti, ule mfupa mdogo wa mbele ya goti, ina kano inayonasa kwenye mfupa wa paja, ndiyo inamsaidia kusinzia akiwa amesimama. Sasa kwa wengine ikinasa haitoki. Inasumbua sana farasi wachanga, wenye miguu ya nyuma iliyonyooka kupita kiasi, na wale wamekaa bila kazi mpaka misuli ya paja ikanywea. Na hapa Nairobi wengi tunaopanda wametoka mbio za farasi za Ngong, mtu alizoea mazoezi kila asubuhi saa hii anafungiwa wiki nzima kungoja wikendi.

Ilinipata na Radi, farasi ninayemtunza, 2019. Nilidhani amevunjika, tukamfungia bandani wiki tatu apumzike, kumbe ndio tunamharibu, alikuwa anakwama kila siku zaidi ya jana. Daktari wa mifugo alipokuja akasema mtoeni, atembee kila siku, apande mlima. Tukaanza na dakika 20 za kumtembeza kwa kamba, tukaongeza polepole, akachongwa kwato manake ncha zilikuwa ndefu, na baada ya kama miezi miwili akaacha kukwama. Upasuaji wa kukata ile kano upo, lakini baadaye ule mfupa wa pia ya goti waweza kumeguka, kwa hivyo daktari alituambia huo uwe wa mwisho kabisa.

Lakini tafadhali msichanganye. Akikataa kabisa kukanyaga, kiungo kimevimba na ni moto, ama ana kidonda karibu na kiungo, hata kile kidogo cha seng'enge, kinatoa maji ya njano yanayovutika, huyo si wa kutembeza wala wa kungoja Jumatatu. Uchafu ukiingia ndani ya kiungo kila saa ina hesabu yake, aitwe daktari saa hiyo hiyo. Mpime joto pia, farasi mzima huwa kati ya nyuzi 37.5 na 38.5 za Selsiasi. Inaweza kuwa usaha kwenye kwato tu, sawa, lakini hilo aseme daktari, na asipewe dawa ya maumivu ndio amalizie wateja wa leo.

Na wenye farasi nawaomba hivi, saisi akisema huyu leo asipandwe msimkate pesa ya siku, manake wengi wetu tunaona mguu una shida asubuhi mapema na tunanyamaza kwa sababu hiyo.

Saisi,
Karen, Nairobi