Malalamiko: Mfumo Wenu wa Utumishi Unamhesabu Mfanyakazi Mmoja Kuwa Watu Wawili

Idara ya Utumishi,
Zanzibar.

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja.

Assalaamu alaykum.

Tunakuandikia kuhusu programu ya utumishi na mishahara tuliyoinunua kwenu kwa ajili ya hoteli zetu mbili, ya Nungwi na ya Paje. Mkataba unasema mfumo unabeba kazi zaidi ya moja kwa mfanyakazi mmoja. Haubebi. Unamsajili mtu yule yule mara mbili, na kuanzia hapo kila hesabu inaharibika.

Shughuli za pwani mnazijua: Julai hadi Oktoba na mwisho wa Disemba wageni wamejaa, masika ya Aprili na Mei vyumba vitupu. Kwa hiyo mpokea wageni wa Nungwi anafanya zamu nne kwa wiki pale, na zamu mbili anashika hesabu Paje. Mwajiri mmoja, mtu mmoja, kazi mbili. Cheo mbali, mshahara mbali, msimamizi mbali. Msimu ukimalizika kazi ya Paje inafungwa, ya Nungwi inaendelea. Si jambo geni. Mwalimu anayefundisha skuli mbili za mwajiri mmoja yuko hivyo hivyo.

Sasa fungueni faili la mtu kama huyo mbonyeze "Ongeza Ajira". Fomu inakuja tupu kuanzia jina, na inadai upya namba ya ZSSF, yaani Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar. Ukiiandika inakataa: "Namba hii tayari inatumika." Fundi wenu aliyekuja kuhamisha data alilivuka hilo kwa kuongeza herufi B mwisho wa namba, na dawati lenu la msaada likatushauri tuendelee hivyo. Ushauri huo hatuukubali hata kidogo. Mwanachama wa ZSSF ana namba moja, na michango ya kazi zake zote inatakiwa iingie hapo. Mchango uliopelekwa kwa namba yenye B hauna mwenyewe. Atakayeumia ni mfanyakazi, siku anapokwenda kudai mafao yake, pengine miaka ishirini ijayo, wakati programu hii hata haitumiki tena.

Kodi ya mshahara nayo imeharibika. Mfumo ukiona watu wawili unampa kila mmoja ile sehemu ya mshahara isiyotozwa, na ngazi za kodi zinaanza chini mara mbili. Mtu analipwa shilingi 600,000 Nungwi na 350,000 Paje: kodi yake ni ya 950,000. Ukikokotoa 600,000 peke yake na 350,000 peke yake kisha ukajumlisha, kodi inatoka pungufu, kwa sababu viwango vinapanda kadiri kipato kinavyopanda. Pungufu hilo Mamlaka ya Mapato (TRA) wanamdai mwajiri, hawatakudaini nyinyi.

Likizo inakwenda upande wa pili, inazidi. Kila rekodi inamjazia siku za mwaka mzima kana kwamba anafanya kazi wiki nzima kila kituo. Siku za likizo zikae kwa mtu, kazi zichangie kwa uwiano wa zamu: nne kwa sita na mbili kwa sita. Ombi nalo lipite kwa wasimamizi wote wawili. Sasa linafika Nungwi tu, na Paje wanajua asubuhi kwamba mtu wao hayupo.

Ipo njia ya pili mliyotuonyesha, sehemu ya "Wadhifa wa Ziada", ambako namba inabaki moja. Hiyo ndiyo mbaya zaidi. Tarehe ya kuacha kazi mmeiweka kwenye faili la mtu badala ya kwenye kazi. Ukifunga wadhifa wa Paje tarehe 31 Oktoba, mfumo unamwachisha mtu mzima: mshahara wa Novemba hautoki, alama ya kidole chake inafutwa kwenye mashine ya mahudhurio ya Nungwi, na jina lake linatoka kwenye orodha ya michango. Kumrudisha lazima umwajiri upya, na tarehe yake ya kuanza kazi inakuwa ya leo. Utumishi wa miaka unayeyuka, na kiinua mgongo pamoja nao. Mtu aliyetumikia hoteli tangu inafunguliwa hastahili kufanywa mgeni kwa kubonyeza kitufe kimoja.

Chanzo ni kimoja. Hifadhidata yenu imefunga mtu na kazi katika jedwali moja. Zitenganisheni. Jedwali la mtu libebe namba ya mfanyakazi, jina, kitambulisho, ZSSF, benki na tarehe ya kwanza ya kuajiriwa. Jedwali la kazi lirejee namba hiyo hiyo ya mfanyakazi na kuongeza namba ya rekodi. PeopleSoft, programu nyengine ya utumishi, kwa mfano, huanza na 0, kisha 1, na kuendelea. Ufunguo wa kutambulisha kila rekodi uwe namba zote mbili kwa pamoja. Cheo, kituo, msimamizi, mshahara na tarehe ya kumaliza vikae kwenye jedwali hili la kazi. Rekodi moja itiwe alama ya kazi kuu, na mfumo ukatae kufunga kazi kuu kabla hatujateua nyengine au kuthibitisha kwamba mtu anaondoka kabisa.

Kila badiliko liwe mstari mpya wenye tarehe ya kuanza kutumika, lisifute la nyuma. Mabadiliko mawili ya siku moja yapewe namba ya mfuatano. Na mnapopokea faili la Excel, linganisheni kwa namba ya mfanyakazi na ya rekodi. Sasa mnaangalia ya kwanza tu, kwa hiyo mstari wa Paje unafuta wa Nungwi bila onyo lolote. Ripoti ya idadi ya wafanyakazi nayo ihesabu watu, si rekodi.

Tunataka marekebisho haya ndani ya siku 30, kisha mfumo uendeshwe mwezi mmoja sambamba na hesabu zetu za mkono, tulinganishe slipu kwa slipu kabla ya kusaini. Mpaka hapo ada ya matengenezo isimame. Rekodi zilizorudufiwa msizifute, ziunganisheni, slipu za zamani zibaki zikisomeka. Namba zenye B zitoke kwanza, kabla ya orodha ya michango ya mwezi huu.

Wabillahi taufiq.

Mkuu wa Utumishi